SOMO: KUKAA NDANI YA MASHUA INAYOTENGENEZWA



Katika namba hii ya jarida letu tunataka kujifunza pamoja juu ya watu wanaoishi ndani ya mashua ya tanga wakati ile mashua iko kwenye inchi kavu inatengenezwa. Pengine mutauliza: "Sisi na mashua ya tanga, tunapatana wapi?" Jibu ni hili. Tangu upepo wa mwezi wa tatu uondoe mabati ya internati yetu, sisi wote tunalala ndani ya nyumba inayotengenezwa. Usiku tunahamisha vitanda juu ya mvua. Mchana mafundi wanapiga nyundo juu ya vichwa vyetu, na vumbi ya simenti inaingia mpaka ndani ya sombe. Wengi walinung'unika, wakasema heri turudi kwetu mpaka kazi iishe.

Mwalimu wetu wa fizika, ambaye zamani alitumika kwenye shantie ya mashua kule Kalemie, alitusikia, akacheka. Akasema: "Ninyi hamujui kitu. Kuna watu wanaochagua kuishi hivi, tena wanalipa franka yao." Kisha alianza kutueleza. Sisi finalisti tuliandika maneno yake, tukamuuliza mara nyingi, tukasoma na kitabu alichotuazima. Njo somo hili. Mwishoni tutasema jambo lingine juu ya ngazi, ambalo si rahisi kwetu kulisema. Tunawaomba musiruke mistari ili mufike kule mbio.

I. MANENO YA KUJUA KWANZA

Watu wa pwani ya bahari, kule Lamu, Mombasa na Zanzibar, wana maneno yao ya mashua. Sisi wa ziwa tunatumia mengine, lakini inafaa kujua haya:

Mkuku: mti mkubwa wa chini kabisa, unaotoka mbele mpaka nyuma. Ni sawa uti wa mgongo wa mashua.
Mataruma: miti iliyopindwa inayosimama juu ya mkuku kama mbavu. Mbao za ubavu zinapigiliwa juu yake.
Ngama: mahali pa chini kabisa ndani ya mashua, pale maji yote yanapokusanyika.
Gadi: nguzo zinazoegemea mashua huku na huku ili isianguke inapokuwa inchi kavu.
Kalafati: kazi ya kuziba nafasi katikati ya ubao na ubao kwa pamba ao nyuzi zilizotiwa mafuta ao gudro.

Wavuvi wa ziwa letu wanafanya kazi hii ya kalafati pia, hata kama hawaiiti hivyo. Mumewaona pale ufukoni na pamba na mafuta ya mawese, patasi mkononi, na kijana mmoja amelala ndani ya mashua ili wezi wasing'oe misumari usiku. Basi huyu kijana ni mtu wa somo letu.

II. JUU YA NINI MASHUA INATOLEWA MAJINI

Mashua ikikaa majini inashambuliwa kutoka chini, pale macho ya watu hayafiki. Baharini, majani na wanyama wadogo wa maganda magumu wanajibandika chini yake. Wakizidi, mashua inakuwa nzito na mwendo wake unakufa. Kwa hiyo watu wanaikwangua, halafu wanaipaka rangi yenye shaba, kwa sababu shaba ni sumu kwa wanyama wale.

Tena katika maji ya chumvi kuna mnyama mmoja laini kama mnyoo, lakini kwa kweli ni wa jamaa ya konokono na chaza. Wataalamu wanamwita teredo. Anaingia ndani ya ubao akiwa mdogo sana, kwa tundu usiloliona. Huko ndani anakula na kukua. Ubao kwa nje unaonekana mzima, kumbe ndani umekuwa kama sifongo. Fundi anaugonga kwa nyundo na kusikiliza mlio wake. Akisikia sauti ya kufa anachoma kwa kisu, na kisu kinazama.

Wanafunzi wa kemia wasikilize hapa. Chuma na shaba vikikaa pamoja ndani ya maji ya chumvi, vinakuwa kama batri. Chuma kinaliwa, shaba inabaki. Ili kuokoa vyuma vyao, watu wa mashua wanafunga kipande cha zinki chini ya maji. Mukumbuke tabula tuliyoandika kwenye kaye: zinki -0,76 volti, chuma -0,44, shaba +0,34. Ile ya chini kabisa njo inatoa elektroni zake mbele ya nyingine, kwa hiyo zinki inaliwa kwanza. Zinki ikiisha, chuma kinaanza. Kwa hiyo kila mara mashua inapotolewa, zinki inaangaliwa na kubadilishwa.

Mashua nyingi za leo si za mbao. Ni za nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa resini. Hizi hazina teredo, lakini maji yanaweza kuingia ndani ya ngozi yao pole pole na kufanya malengelenge, sawa mkono uliochomwa na moto. Kuzikausha kunaweza kuchukua miezi mingi. Ile ya mbao iko kinyume: ikikaushwa sana inaharibika. Mbao zinapungua, nafasi zinafunguka, na siku inaporudi majini inavuja mpaka mbao zivimbe tena. Juu ya hiyo fundi mwenye akili hapigi pamba kwa nguvu zake zote ndani ya mbao zilizokauka. Anajua kwamba mbao zitavimba. Kama hakuacha nafasi, zitasukumana mpaka misumari ikatike.

III. NAMNA INAVYOSIMAMISHWA

Mashua ya tanga ya metre 10 inaweza kupima tani 5 ao zaidi. Inavutwa juu ya reli mpaka inchi kavu, ao inanyanyuliwa na masini kubwa yenye mikanda miwili inayopita chini ya tumbo. Kisha inaketishwa juu ya mkuku wake, juu ya miti minene. Uzito karibu wote unakaa pale. Halafu gadi zinawekwa kuume na kushoto. Kazi yake si kubeba mashua, ni kuizuia isilale ubavu.

Hapa kuna sheria tatu ambazo mwalimu alitufanya tuzirudilie mpaka tukazijua kwa moyo:

1. Gadi ya kuume inafungwa na gadi ya kushoto kwa mnyororo unaopita chini ya mashua. Zikiachwa bila mnyororo, uzito unazisukuma nje pole pole mpaka ziteleze.

2. Mtu haondoi gadi yeye mwenyewe, hata kama inamzuia kupaka rangi. Anaita watu wa shantie. Wanaweka nyingine kwanza, kisha wanaondoa ile.

3. Hakuna kufunga bashi juu ya gadi. Upepo ukiingia ndani ya bashi, bashi inavuta gadi, gadi inatoka, na mashua inaanguka na watu wake.

Munaona kwamba sheria zote tatu ni juu ya kitu kimoja: usiguse kinachoshika mzigo kabla ya kuuliza kinashika nini.

IV. MAISHA YA KILA SIKU

Sasa mujiulize: mtu anaishi namna gani ndani ya mashua iliyo juu ya miti?

Kwanza, anaishi juu. Kutoka chini mpaka mlangoni mwake kuna metre mbili, tatu, pengine zaidi, na njia ni ngazi tu. Maji anayapandisha kwa bidoni. Chakula, vyombo, mbao, batri, vyote vinapita kwenye ngazi. Mwalimu alisema kwamba siku ya kwanza mtu anapanda mara ishirini. Siku ya tatu amejifunza kufikiri mbele ya kushuka, na anapanda mara nane.

Pili, vitu vingi vya nyumba yake havitumiki. Choo cha mashua kinahitaji maji ya bahari, na sasa hakuna bahari. Mtu akitaka kwenda haja usiku, anashuka ngazi na taa mkononi, mvua inyeshe ao isinyeshe. Maji ya kuosha sahani hayawezi kumwagwa ovyo, juu ya kuwa yatamwangukia jirani anayepaka rangi chini. Anaosha ndani ya beseni, kisha anashusha beseni.

Tatu, vumbi. Mchana kutwa anasugua na msasa. Jioni ile vumbi iko juu ya mto, ndani ya chumvi, katikati ya karatasi za kitabu. Tena si vumbi ya bure. Rangi ya chini ina shaba, na rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi. Kwa hiyo wanasugua na maji ili vumbi isiruke, wanafunika pua na mdomo, na nguo za kazi hazipandi ndani. Zinavuliwa chini ya ngazi.

Juu ya nini wanakubali taabu hii? Kuna sababu tatu. Ya kwanza, mashua njo nyumba yao, wengi hawana nyingine. Ya pili ni franka: shantie inahesabu siku na urefu wa mashua, na kama utalipa na chumba mujini, utalipa mara mbili. Ya tatu mwalimu aliiona kuwa kubwa kupita zote: mtu anayelala ndani ya kazi yake anaijua. Mvua ikinyesha saa nane ya usiku, anaona kwa macho yake pale inapovuja. Fundi anayefika asubuhi anakuta doa tu, tena maji yanatembea sana kabla ya kufanya doa.

Inafaa kusema pia kwamba shantie nyingine zinakataza kulala ndani, kwa hofu ya moto na ya watu kuanguka. Nyingine zinaruhusu. Kule Chaguaramas, katika kisiwa cha Trinidad, watu wengi wa mashua za tanga wanafika kutengeneza mashua zao wakati wa dhoruba kubwa za Karibi, tangu mwezi wa sita mpaka wa kumi na moja, kwa sababu kisiwa kile kiko kusini na dhoruba hazifiki huko mara nyingi.

V. KONA MOJA SAFI

Hapa tunafika kwenye mafundisho yaliyotusaidia sisi wenyewe.

Kazi ya mashua inazaa kazi. Unaondoa ubao mmoja uliooza, unakuta taruma lililo nyuma yake limeoza pia. Unaondoa taruma, unaona boloni ya mkuku imeliwa. Kazi ya wiki mbili inakuwa ya miezi miwili. Wengi wanakata tamaa hapo. Wanafungua kila kitu mara moja, mbao zote chini, vyombo vyote kitandani, na kisha hawana hata mahali pa kuketi na kufikiri. Shantie nyingi zina mashua za watu wa namna hii. Majani yanaota chini yao, na wenyewe hawaonekani tena.

Wale wanaomaliza wanafanya mambo mawili. La kwanza, wanauliza: kazi gani haiwezekani majini? Ile njo wanafanya kwanza: matundu ya chini, mkuku, usukani, zinki, rangi ya chini. Mapazia, meza, vernisi ya mlango, hayo yote wanaweza kuyafanya baadaye mashua ikielea. La pili, wanachunga kona moja safi: kitanda kimoja, taa moja, mahali pa kuweka sahani na kaye. Kona hiyo haiguswi na vumbi wala na nyundo. Hata mashua nzima iwe imefunguliwa, kona ile inabaki nyumba.

Sisi finalisti tulifuata shauri hilo. Tuliomba Prefe atuachie chumba kimoja cha mwisho, kile chenye mabati mazuri, kisiwe ghala ya simenti. Alikubali. Tukaweka meza mbili na taa, tukapanga zamu ya kufagia. Tangu siku ile tunasoma, hata kama tunalala vibaya.

VI. HESABU MOJA YA FIZIKA

Mashua nyingi zina matundu chini ya maji, kwa mabomba ya choo na ya masini. Kila tundu lina robine. Watu wa mashua wanaziangalia robine hizo kuliko kitu chochote. Tuhesabu sababu yake.

Bomba la sentimetre 4 limekatika, na tundu liko sentimetre 50 chini ya uso wa maji. Maji yanaingia kwa mbio gani? Tunatumia sheria ya Torricelli: mbio ni kipeuo cha pili cha 2 × g × h. Hapa 2 × 9,81 × 0,5 inatoa 9,81, na kipeuo chake ni karibu 3,13. Basi maji yanaingia kwa metre 3,13 kwa segonde moja. Eneo la tundu ni sentimetre 12,57 za mraba. Tukizidisha, tunapata karibu litre 3,9 kwa segonde. Lakini maji yanayopita tunduni yanajibana, kwa hiyo tunazidisha na 0,6, inabaki litre 2,36. Kwa dakika moja ni litre 142. Kama hali ingebaki ile ile, kwa saa moja ingekuwa litre 8.500, ni kusema tani nane na nusu, ndani ya mashua iliyokuwa na tani 5.

Ni tundu dogo kama kifuniko cha chupa kubwa. Njo maana mtu anakubali kulala kwenye vumbi wiki nzima juu ya robine moja.

VII. MZEE SLOCUM NA MASHUA YAKE

Joshua Slocum alizaliwa mwaka 1844 kule Nova Scotia, katika Kanada ya leo, akawa nahodha wa Marekani. Mwisho wa mwaka 1887 merikebu yake Aquidneck iliharibika juu ya mchanga katika ghuba ya Paranaguá, Brazil. Alikuwa na bibi yake Hettie na watoto wake wawili, Victor na Garfield. Franka zilikuwa kidogo. Badala ya kuomba nafasi kwa merikebu ya wengine, walijenga mashua yao ya karibu metre 10,7. Vyombo vyao vilikuwa shoka, tezo, misumeno miwili, keekee chache na tupa. Misumari na vyuma walivitoa kwenye merikebu iliyovunjika. Sarafu za shaba walizitoboa, wakazifanya vishikio vya misumari. Bibi alishona matanga. Waliishusha majini tarehe 13 mwezi wa tano 1888, siku ile ile utumwa ulipokomeshwa katika Brazil. Njo sababu waliiita Liberdade, maana yake uhuru. Waliishi ndani yake wote wanne, wakafika Marekani mwezi wa kumi wa mwaka ule.

Mwaka 1892 rafiki mmoja, mzee wa kuvua nyangumi, alimwambia Slocum: njoo Fairhaven, katika Massachusetts, nitakupa mashua, lakini inahitaji kutengenezwa kidogo. Slocum akafika. Alikuta mashua ya zamani inaitwa Spray, iko ndani ya shamba, mbali na maji, imeegemezwa na kufunikwa. Ilikuwa pale miaka saba hivi. Watu wa mujini walifikiri amekuja kuivunja. Yeye akajibu kwamba anaijenga upya.

Alikata mti wa mwaloni karibu na pale, akafanya mkuku mpya. Miti ya mataruma aliipasha moto kwa mvuke mpaka ikalegea, akaipinda. Ubao mmoja baada ya mwingine alibadilisha, mpaka karibu kitu chote kilikuwa kipya. Lakini mashua ilibaki Spray. Kazi ilichukua miezi 13, na vifaa vilimgharimu dola 553 na senti 62. Franka zilipopungua aliacha nyundo yake kidogo, akaenda kutumika kwenye merikebu za nyangumi bandarini, kisha akarudi. Tuseme kweli: wakati ule hakulala ndani yake, kwa sababu mashua isiyo na ubavu si nyumba ya mtu.

Lakini baadaye iliishiwa vizuri. Tarehe 24 mwezi wa nne 1895 alitoka Boston peke yake. Alizunguka dunia nzima, zaidi ya maili 46.000, akafika Newport tarehe 27 mwezi wa sita 1898. Alikuwa mtu wa kwanza kuzunguka dunia kwa tanga akiwa peke yake. Na njiani hakuacha kutengeneza. Katika mlango wa bahari wa Magellan, mwaka 1896, dhoruba ilimrarulia matanga. Aliyashona akiwa ndani ya mashua, katika baridi, akaongeza na mlingoti mdogo wa nyuma. Yeye mwenyewe aliandika safari ile katika kitabu kilichotoka mwaka 1900.

Mmoja wetu alimuuliza mwalimu: "Kumbe kazi ya mashua haiishi?" Mwalimu akajibu: "Iko na siku inaisha? Ile siku uniite, nitakuja kuiona."

VIII. NGAZI

Sasa tufike pale tulipoahidi.

Mwalimu alitufundisha kwamba katika shantie za mashua ngazi inafungwa juu kwa kamba, sikuzote. Kuanguka kutoka ngazini njo kunaumiza watu wengi wa kazi ile. Kila mtu anaogopa bahari, lakini wengine wanavunjika mgongo metre tatu juu ya udongo mkavu, mashua yao haijagusa maji.

Ngazi ya internati yetu, ile inayopanda kwenye bashi, ilikuwa imefungwa. Fundi mkubwa aliifunga siku ya kwanza kwa kamba nzuri. Wiki mbili baadaye ndoo ya kisima ilikatika kamba yake. Sisi finalisti tulikuwa na haraka ya kuoga. Tulifungua kamba ya ngazi, tukachota maji. Tulisema tutairudisha jioni. Hatukuirudisha, jioni ile wala jioni tatu zilizofuata.

Usiku wa ine mvua ilinyesha na upepo. Bashi ilifunguka pembeni, maji yakaanza kudondoka juu ya vitabu vyetu, vya finalisti. Tulimwambia kijana mmoja wa kalasi ya chini, kwa kuwa ni mwepesi: "Panda wewe, vuta bashi." Alipanda. Hakuuliza kitu, sababu sisi ni wakubwa wake. Ngazi iliteleza. Alianguka juu ya mawe ya fundi, akavunjika mkono wa kuume.

Mwangalizi wa internati alipofika na taa, akauliza ni nini, tulinyamaza. Kijana aliangalia sisi. Kisha akasema: "Nilikuwa ninacheza, nikateleza." Alisema hivyo na mfupa wake umevunjika. Na sisi tuliacha neno lile likae siku tano nzima.

Siku ya sita tulikuwa tunaandika somo hili. Tulifika pale kwenye sheria za gadi, mmoja wetu akasoma kwa sauti: usiguse kinachoshika mzigo kabla ya kuuliza kinashika nini. Hakuna aliyeendelea kuandika. Tulifunga kaye, tukaenda kwa Prefe wote pamoja, tukasema kila kitu. Kisha tulikwenda kwa wazazi wa kijana. Baba yake alitusikiliza mpaka mwisho, hakutukana. Aliuliza paka neno moja: "Kamba iko wapi sasa?"

Kamba ilikuwa bado kisimani.

Tuliirudisha siku ile ile. Ndoo tuliinunulia kamba nyingine. Deni la hospitali tunalilipa kidogo kidogo, kwa kufyatua matofali siku ya posho. Kijana anajifunza kuandika na mkono wa kushoto, na kila mchana mmoja wetu anamwandikia masomo yake kwenye kaye. Yeye mwenyewe alisoma maandiko haya na kukubali yachapwe, ila aliomba tusiandike jina lake. Tena kila jioni, mbele ya taa kuzimwa, finalisti mmoja anapanda, anavuta fundo la ngazi, na kuandika jina lake kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Aliye na zamu hawezi kumtuma mdogo.

Wengine wangali wanauliza kama ilikuwa vizuri kubaki ndani ya nyumba inayotengenezwa. Sisi tunajibu: inawezekana, watu wa mashua wanafanya hivyo miaka yote. Lakini wao wanajua kwamba nyumba ya namna ile haikubali mtu anayesema "tutairudisha jioni." Mabati yatamalizika, mafundi wametuahidi, mbele ya mitihani. Tunapashwa kubaki na desturi ya kuangalia kamba hata siku ile ngazi itakapoondoka.

MASWALI YA KUJIBU KALASINI

1. Kwa nini fundi hapigi pamba kwa nguvu sana ndani ya mbao zilizokauka?
2. Gadi inabeba mashua ao inafanya kazi nyingine? Eleza, na uchore mashua juu ya gadi zake na mnyororo.
3. Mashua ina vyuma na shaba ndani ya maji ya chumvi. Kwa nini tunafunga zinki? Je, tungeweza kufunga shaba nyingine badala yake?
4. Rudilia hesabu ya sehemu ya VI kwa bomba la sentimetre 2, lililo metre 1 chini ya maji. Maji yanayoingia yanapungua ao yanaongezeka kuliko yale ya kwanza?
5. Kazi gani za internati yetu haziwezekani wakati wa mvua? Zipange kwa utaratibu.
6. Angalia mahali unapolala, unaposoma na unapopika. Taja kitu kimoja kinachoshika mzigo, na mtu aliyekifunga. Kama hakuna aliyekifunga, nenda leo.

Sisi finalisti wa internati